Ekari Iliyochosha Ng'ombe

Tulipotoka makaburini kumzika shangazi yangu Skolastika, watu hawajamaliza hata kunawa mikono, vijana wa ukoo walianza kuulizana shamba lake la kule mtoni lina ukubwa gani. Wazee walikunja nyuso. Mimi sikukasirika. Nimefanya kazi ya kupima ardhi mpaka nikastaafu, na kazi hiyo ilinifundisha kwamba baada ya msiba swali la mipaka ndilo la kwanza kuamka, na afadhali liulizwe mbele za watu kuliko kunong'onwa nyuma ya nyumba. Amoni, mjukuu wetu anayeendesha bodaboda Sumbawanga mjini, alitoa simu mfukoni. "Bibi, siku hizi hakuna haja ya kusumbua watu wa ardhi. Unatembea pembezoni na simu, yenyewe inakwambia ni ekari ngapi. Chap chap, poa." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaangalia chini kwa aibu. Nikacheka, nikamwambia nenda, mwanangu, lizunguke, nakusubiri hapa. Maana katika mashamba yote niliyokanyaga kwa kazi yangu, hilo ndilo sikuwahi kulipima. Kila nilipokuja likizo nikamwambia shangazi naweza kulipima bure, alinisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni asiyejua mila, halafu akanijibu vilevile kila mwaka: "Lilishapimwa, Fausta. Na aliyelipima hakukosea."

Wakatoka, mimi nikabaki jikoni kwake. Jiko lile halikubadilika. Mafiga matatu, dari jeusi la moshi, na juu ya moto kamba ya kuning'iniza migebuka iliyotoka Kabwe, samaki ambao shangazi aliwala kwa ubahili, kichwa leo, mkia kesho. Niliwekewa ugali wa ulezi na maharage, nikala nikiwa nimekaa kwenye kigoda kilekile nilichokalia mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwaka nilioletwa kwake nisubiri matokeo. Nilikuwa msichana mwenye makeke na Kiingereza cha kuungaunga, nikiamini kwamba maisha yangu yako mahali fulani mbele, mjini, na kijiji ni kituo tu cha kusubiria basi. Leo nikijiuliza maisha yangu yalianzia wapi, jibu ni hapohapo, kwenye kigoda, nikiwa nimeshika mwiko na kutega sikio kwa mazungumzo ya watu wazima upande wa pili wa ukuta.

Ulikuwa ule wakati biashara ya mahindi ilipofunguliwa. Zamani mkulima wa Ufipa alikuwa na mnunuzi mmoja tu, akichelewa unamngoja, asipokuja unawaachia panya. Sasa ghafla malori ya wafanyabiashara wa mjini yakaanza kupanda vilima kutufuata, na watu waliokuwa wanalima kwa mazoea wakaanza kulima kwa hamu. Kijijini kwetu kulikuwa na shamba kubwa la pamoja, la enzi za kulima kwa zamu na kuitikia majina asubuhi. Lilikuwa limelala miaka mingi, limeota majani, likawa malisho ya mbuzi wasio na mwenyewe. Mkutano wa kijiji ukaamua ligawanywe: kila kaya ekari moja. Tangazo hilo lilipita vijijini kama harufu ya nyama. Hata wanaume waliokuwa hawajaonekana nyumbani kwao tangu mavuno walirudi wakawa wanakaya wema.

Kwa shangazi, ekari hiyo haikuwa nyongeza. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kila tuta alilopandisha kwa jembe lake alilipandisha kwenye ardhi ya shemeji zake. Hawakumfukuza. Walimwachia, na kuachiwa ni neno zito sana ukilibeba kila asubuhi. Shemeji akikasirika, unasikia akisema "shamba letu". Shemeji akifurahi, unasikia akisema "lima tu, mama". Nilimsikia siku moja akimwambia jirani yake, wakimenya maharage nje ya dirisha langu, kwamba yeye anataka kabla hajafa alime mahali ambapo hata akiamua kulala chini katikati ya mahindi, hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini. Jirani akacheka. Shangazi hakucheka. Mimi pale ndani nilielewa kwamba anasema kweli tupu, na moyo ukaniuma kwa ajili yake kwa mara ya kwanza.

Sasa upimaji. Sehemu zetu zile ekari hupimwa kwa miguu, hatua sabini kwa sabini, na mpaka leo nikiwa na vyeti vyangu vyote sina ubaya na njia hiyo, ilimradi miguu iwe ileile na akili iwe timamu. Miguu iliyochaguliwa ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gaudensi, mtu mrefu ambaye akiketi magoti yake yalikaribia kidevu. Alikuwa na fahari ya miguu ile. Alisema mwenyewe kwamba Mungu humpa kila kiongozi kipaji chake, wengine ulimi, yeye hatua. Na kwa kuwa ardhi haipokewi mikono mitupu, kila kaya ilimngoja kwenye kona ya shamba lake na kata ya pombe ya ulezi. Ndiyo desturi: unayepewa ardhi humnywesha anayekupa, ili mdomo uliotamka mpaka usije ukausahau. Mwenyekiti alianza na shamba lake mwenyewe, asubuhi, umande haujakauka, tumbo tupu. Aliruka kama swala. Sabini kwa sabini yake ilikuwa uwanja wa mpira. Akaja wa pili, kata moja. Wa tatu, kata moja. Hakuna aliyethubutu kumpa nusu. Wajane waliwekwa mwisho wa orodha, na shangazi yangu aliwekwa mwisho wa wajane.

Na shangazi, kwa bahati mbaya, alikuwa mpishi wa pombe anayesifika. Alikuwa ameiandaa wiki nzima, akaionja, akaichuja, akaninyima kuigusa. Mwenyekiti alipofika kwetu jua limeegemea, anatembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe, shangazi akampokea kwa heshima zote. "Shikamoo mwenyekiti, karibu, pole na kazi." Akampa kata. Mzee akanywa, akafumba macho, akasema haijawahi kutokea. Akapewa ya pili. Akaomba ya tatu. Kisha akaanza kuhesabu. Nilikuwa nyuma yake nimebeba vigingi, nikashuhudia hatua fupi kama za mtu anayetafuta sindano, na hesabu iliyoruka kutoka arobaini na kitu kwenda sitini bila kupita katikati. Akapiga kigingi cha mwisho, akakiegemea, akatangaza: "Ekari!" Zaidi ya hapo, kutoka kigingi hadi mtoni, kukabaki kipande kizuri cha udongo mweusi ambacho hakikugawiwa mtu. Yeye na wazee aliofuatana nao wakarudi nyumbani kwetu kumalizia mtungi, na mimi jikoni, nikikoroga mboga, nikamsikia mzee akiwaambia wenzake kwamba kile kipande cha mtoni kuna mfanyabiashara wa mjini anakitaka kwa kilimo cha mahindi, na yeye ameshamwambia aje akione.

Kesho yake shangazi alikwenda kulitazama shamba lake. Alisimama katikati, akageuka huku na huku, na hakuhitaji kugeuka sana. Ukisimama kona moja uliweza kumsalimia mtu wa kona ya pili bila kupaza sauti. Akakaa chini kwenye majani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, cheko la uchungu. "Pombe si chai, mwanangu," akaniambia. "Pombe yangu mwenyewe ndiyo imekula shamba langu." Alikwenda kwa mwenyekiti siku ileile kuomba lihesabiwe upya. Mzee alimpokea vizuri, akamkalisha, akampa uji, na akakataa. Sabini ni sabini, alisema. Akianza kurudia kwa mmoja, kesho kijiji kizima kitapanga foleni na kila mtu atakuja na miguu ya binamu yake. Hapo, lazima niseme, hakuwa mjinga. Tulipanda lori la mahindi mpaka mjini kwenye ofisi ya ardhi, tukaambiwa kwa upole kwamba mpimaji atakuja gari likipata mafuta. Nafikiri gari lile bado linasubiri.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mwalimu Krispini, mstaafu aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma. Chumba chake kilinuka tumbaku na karatasi, na juu ya meza, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa mbolea kuikinga na vumbi, ilikaa kamusi ya Kiingereza nene kuliko tofali. Ilikuwa ya aina ile inayokueleza neno maana yake na pia lilizaliwa wapi, nani alilibeba na lilibadilika vipi njiani. Jalada halikuwepo, na mchwa walikuwa wameila kutoka nyuma, kwa hiyo iliishia herufi R. Maneno yote ya baada ya hapo hatukujua asili yake. Hata kazi niliyokuja kuifanya maisha yangu, jina lake la Kiingereza, surveyor, lilikuwa limeshaliwa. Kila alasiri nilikwenda kumsomea kwa sauti kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka, naye alinisahihisha matamshi akiwa amefumba macho na kuchokonoa meno kwa njiti.

Siku hiyo nilikwenda na hasira. Nikamweleza habari ya shangazi, nikasema ekari ile si ekari. Mwalimu akafumbua macho. "Si ekari? Kwani ekari ni nini, binti?" Nikamjibu ni sabini kwa sabini. "Hiyo ni miguu ya Gaudensi. Nakuuliza ekari. Fungua kamusi, liko mwanzoni kabisa, mchwa hawajafika." Nikafungua, nikalikuta neno "acre", ambalo ndilo limetuzalia ekari, na nikasoma polepole mstari mdogo wa asili yake, mwili ukanisisimka. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya shamba tu, ardhi iliyo wazi, haijalishi ukubwa. Baadaye watu wakaanza kulitumia kwa kiasi cha ardhi ambacho jozi moja ya maksai walio kwenye nira wanaweza kukilima kwa siku moja. Ukilifuata nyuma zaidi, mpaka kwenye lugha za kale zilizokizaa Kiingereza chenyewe, wako wataalamu wanaodhani kwamba shina lake ni tendo la kuswaga, kuswaga ng'ombe. Ofisi na kamba na namba vilikuja baadaye sana. Mwalimu akatabasamu, meno yake mawili ya mbele yakaonekana. "Umeona? Hawa Waingereza tunaowaona wa maana, kipimo chao walipewa na ng'ombe. Sasa rudi nyumbani ukamwambie Skolastika aache kutafuta miguu mingine. Miguu anayoitafuta ina kwato."

Nilikimbia. Nilimkuta shangazi akipepeta ulezi uani, nikamwaga yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo. Kisha akauliza swali moja tu: "Shamba la mwenyekiti analima nani mvua zikianza?" Analima Masanja, nikamjibu. Masanja alikuwa Msukuma aliyepanda kutoka bonde la Ilemba na maksai wake wawili na plau, akilimia watu kwa makubaliano, na alikuwa bado anaomba ruhusa ya kukaa kijijini. Shangazi akaweka ungo chini. "Basi tusubiri mvua," akasema, na kuanzia siku hiyo hakulalamika tena kwa mtu yeyote, mpaka watu wakadhani amekubali. Mimi niliyemjua nilimwogopa.

Mvua za kwanza zilinyesha, udongo ukalainika, kumbikumbi wakatoka na tukawala kwa wingi. Masanja alifunga nira alfajiri, akaingia shamba la mwenyekiti, lililokuwa kando ya njia ya kisimani. Kila mwanamke aliyekwenda maji alimwona. Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena, na bado anazunguka. Jua lilipokuwa utosini, maksai wametoa ndimi nje, ndipo alipomaliza mfuo wa mwisho, ule mstari wa plau, na kuwafungua. Ng'ombe wa kulima hawavuki jua la utosi. Wakifika hapo siku yao imekwisha. Jioni hiyohiyo palikuwa na mkutano wa kijiji kwenye darasa la shule, habari za mbegu. Mwisho mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Shangazi akasimama. "Ninalo. Ila atalisema Fausta, maana limeandikwa kwa Kiingereza."

Hakuwa amenionya. Kusimama mbele ya darasa lililojaa wazee, msichana ambaye hata shikamoo yake watu waliipokea bila kuinua macho, ni jambo ambalo sijalisahau mpaka leo. Mwalimu Krispini alikuwa amekuja na kamusi kwenye mfuko wake wa mbolea. Nikaisoma kwa Kiingereza, sauti ikitetemeka, kisha nikaifasiri, na nilipofika kwenye maksai wa siku moja sauti ikaacha kutetemeka yenyewe. Makelele yakalipuka. Mmoja akasema Waingereza tumewaaga kwa ngoma, mbona wanarudi na ng'ombe. Mwingine akasema kamusi haina miguu. Mwenyekiti, akiwa ameyakunja magoti yake yale, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama Skolastika, neno la Mzungu litakujaje kupima udongo wa Mfipa?"

"Mwenyekiti, ekari mmeitaja ninyi, si mimi," shangazi akajibu, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeagiza chumvi. "Mngesema kila kaya ipewe panapotosha, ningenyamaza. Neno hilo ni mgeni mliyemwita ninyi, mmemkalisha, mmemgawia ardhi yetu. Sasa anapowataja babu zake mnamziba mdomo? Mimi naomba kitu kidogo. Leo Masanja amelima kwako tangu alfajiri mpaka kufungua ng'ombe, kijiji kizima kimeona. Kesho alime kwangu. Ng'ombe walewale, plau ileile, mtu yuleyule. Pale watakapochoka, ndipo ekari yangu itakapoishia."

Watu wakacheka, lakini walicheka wakimtazama mwenyekiti. Na mzee alikuwa na udhaifu mmoja wa watu warefu: hakupenda kuonekana anaogopa. Akajua vilevile, nadhani, kwamba akikataa atakuwa amekiri. "Kesho," akasema. "Watakapochoka."

Asubuhi ile hakuna aliyekwenda shambani kwake. Walikuja na stuli, na watoto mgongoni, na viazi vya kuchoma, kama wanaokuja kuangalia ngoma. Masanja alimsalimia shangazi kwa lugha ya kwao, "mayu", yaani mama, akagusa paji la kila maksai na kuanza. Hapakuwa na malipo ya fedha. Walikubaliana kwamba baada ya mavuno ng'ombe wake watakula mabua. Kijiji kilikuwa bado hakijamaliza uji wake nilipoona kwamba majani yamekwisha. Mfuo wa mwisho ulifika kwenye kigingi cha mwenyekiti, Masanja akasimama, na maksai wale wakasimama wakitikisa mikia, wakavu, wamejaa nguvu, wakitazama mbele kama wanauliza mbona. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, hata hawajatoka jasho!" Na hapo kicheko kikapasuka, na hiki hakikuwa cha kumcheka shangazi.

"Udongo wa huku ni laini," mwenyekiti akasema. Shangazi alikwenda kwenye kigingi, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Akakiweka begani kama jembe, akamgeukia yule kijana wa Kisukuma. "Masanja, mwanangu, usiwafungue. Endelea."

Mbele kulikuwa na kile kipande cha udongo mweusi kinachoshuka mtoni, kipande cha mfanyabiashara. Mwenyekiti alisimama njiani, akanyoosha mkono. "Wewe! Ukivuka hapo usiniombe tena mahali pa kukaa!" Masanja alikuwa na mke na watoto wadogo kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya kanisa, na kila mtu pale alijua ukubwa wa tishio lile. Alisimama kidogo. Akatazama ng'ombe wake, akamtazama mzee. "Baba, shikamoo," akasema. "Mimi naswaga tu. Wanaopima ni hawa." Akapiga mluzi, na nira ikalia, na plau ikazama ndani ya udongo mweusi ukageuka na kung'aa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Halafu wote. Wanawake wa kijiji kile, wajane waliopimiwa jua limeegemea na wake waliosimama nyuma ya waume zao, waliingia shambani wakitembea kando ya mfuo, na mwenyekiti akajikuta amesimama peke yake mbele ya ng'ombe wawili wenye haraka. Miguu yake mirefu ilimsaidia sana kupisha.

Nimeshuhudia mambo makubwa katika maisha yangu. Nimepokea vyeti, nimepanda ndege, nimesimama mbele ya mahakimu nikitetea mipaka ya watu na kushinda. Hakuna furaha iliyonifika kama ya asubuhi ile. Nilitembea nyuma ya plau peku, matope yakipanda mpaka kwenye vifundo, na kila mfuo uliogeuka nilihisi kwamba neno nililolisoma kwenye kamusi iliyoliwa na mchwa linaandikwa tena ardhini, kwa mwandiko mkubwa ambao hata asiyejua kusoma aliusoma. Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alitufundisha vipimo vya kale vya Kiingereza, akatuambia kwamba hata urefu walioupa jina la fulongi ulitokana na mfuo, umbali ambao maksai huvuta kabla hawajageuka kupumzika. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuyaona kwa macho, na nilikaa pale nikitabasamu peke yangu.

Jua lilipanda. Pole pole mikia ikaacha kutikisika, shingo zikainama, mapovu yakatoka midomoni. Kwenye mfuo ulio karibu na mstari wa matete, maksai wa kulia akasimama katikati, akakataa. Masanja akamsemesha, hakusogea. Na shangazi yangu Skolastika, mjane wa mwisho katika orodha ya wajane, akainua kigingi juu kwa mikono yake yote miwili na kupiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi barabara kuu: "Wamechoka! Ng'ombe wamechoka kwangu!" Watu wakaitikia, wamechoka, wamechoka, kama wanaitikia wimbo kanisani. Mwenyekiti alikuja taratibu. Alikitazama kigingi mikononi mwa shangazi, akakitazama kile kipande, karibu chote kimelimwa, akavuta pumzi, na kwa heshima yake niseme kwamba alicheka. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema. "Nipe hicho kigingi nikipige mwenyewe, nisije nikaambiwa nilikuwa nimelewa." Masanja naye alipewa mahali pa kukaa kabla mvua hazijaisha, mwenyekiti aliona ni salama zaidi kuwa na ng'ombe wale upande wake.

Mzee akakishika kigingi, lakini shangazi akamzuia. "Subiri kwanza, mwenyekiti. Ulikunywa kata tatu." Akamgeukia Masanja, akamwomba awapumzishe ng'ombe kidogo, awanyweshe, kisha awabembeleze mizunguko mitatu tu, mmoja kwa kila kata, kufidia pombe. Masanja aliangua kicheko mpaka akashika magoti. Wakapumzika, wakanywa, wakazunguka mara tatu polepole sana, kijiji kizima kikihesabu kwa sauti, na ndipo kigingi kikapigwa. Tangu siku hiyo alilima pale mpaka uzee ukamzuia, na mara moja nilimkuta amelala chini katikati ya mahindi yake, mchana kweupe, khanga usoni, na sikumuuliza kwa nini.

Nilikuwa nimesafisha sahani yangu nikaiweka kwenye kichanja Amoni aliporudi, viatu vyake vyeupe vimejaa matope, simu mkononi, uso umekunjamana. Vijana wenzake walikuwa nyuma yake. "Bibi, nimezunguka mara mbili," akasema. "Hii simu sijui ina shida gani. Inasema ni ekari moja, lakini inazidi kidogo. Kila nikirudia, inazidi kidogo. Tuandike ngapi?"

Nilisimama, nikatoka nje ya jiko nikalitazama shamba kule chini, mpaka matete ya mtoni.

"Andika ekari moja," nikamwambia. "Hiyo iliyozidi ni pombe."